Mlango Baina ya Mapacha

Mji ule ulijengwa na watu wakaidi. Waliona vilima vimebanana kama magoti ya watu waliochuchumaa, na badala ya kwenda kutafuta tambarare wakasema hapahapa panatosha. Ndiyo maana mpaka leo ukimtembelea rafiki mtaa wa pili unafika unahema, na maji ya kufulia ya jirani wa juu ndiyo mvua ya jirani wa chini. Katikati ya mji kimekaa kilima kimoja kipana, wenyewe wanakiita Nundu. Reli ilipofika mguuni pa Nundu ilikosa pa kuzungukia. Ikabidi ipite ndani.

Handaki la kwanza lilichimbwa kwa patasi, nyundo na baruti. Wachimbaji walianza pande zote mbili, na wazee wa mjini husimulia kwamba walipokutana katikati walikuta wamepishana kimo cha mtu mzima, wakashinda siku nzima wakitukanana kupitia tundu. Biashara ilipochangamka, treni zikawa zinasubiriana kama wagonjwa kwenye foleni, basi likachimbwa handaki la pili ubavuni mwa lile la kwanza. Watu wakayaita Mapacha: Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo. Baina yao ziliachwa njia fupi za kupitishia mawe na hewa. Kisha yakaja malori, reli ikadorora, na njia moja ikatosha. Pacha Mdogo aling'olewa reli, akamwagiwa lami, akatundikiwa taa na feni, akawa handaki la magari. Zile njia za katikati zikazibwa kwa zege. Ilibaki moja tu, nayo ikawekewa mlango wa chuma.

Mlango huo ukazaa ugomvi. Watu wa barabara walitaka ubaki wazi, maana moto ukizuka magarini, watu watokee wapi? Watu wa reli wakasema mtu akitoka kwenye gari lake akaingia relini akakanyagwa na treni, nani atajibu? Vikao vikakaliwa, chai ikanywewa, mwisho watu wa reli wakatia kufuli upande wao. Ni la muda tu, walisema. Hilo la muda likaota kutu pale pale.

Mwanamke aliyekuwa zamu siku ya mkasa huu aliujua ugomvi huo kwa uchungu, kwa sababu uliipasua nyumba yao. Baba yake alikuwa mgonga kuta wa reli. Kazi yake ilikuwa kutembea ndani ya Mapacha na nyundo ndogo, akigonga mawe moja moja na kusikiliza. Jiwe zima hulia, jiwe bovu hunung'unika. Siku za shule kufungwa aliwachukua wanawe wawili. Binti hakuogopa giza hata kidogo, akaitwa Popo. Kaka yake alipenda kubaki mdomoni mwa handaki akipunga kitambaa kuzipungia treni, akaitwa Bendera. Majina hayo yaliwaganda hadi utu uzima, hata kazini hawakuitwa vinginevyo.

Bendera aliingia reli, akapanda cheo hadi kuwa mwongozaji wa treni kwenye chumba cha ishara, stesheni ya chini. Popo alisomea umeme, na Pacha Mdogo alipopewa barabara, yeye akapata kazi kwenye chumba cha uangalizi cha handaki lile lile. Kaka mtu aliona ni usaliti. Kwenye kikao cha familia baada ya baba kuzikwa, mbele ya wajomba na mashangazi, alisimama akasema, "Jina lako limekufaa, mdogo wangu. Popo si ndege, si mnyama. Baba kamaliza mapafu yake kwenye handaki lile, wewe unalinda lami ya wenye malori."

Popo naye ulimi haukumlala. "Afadhali popo kuliko bendera fuata upepo. Bosi wako akipuliza kulia, wewe kulia."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mama yao alilia, akaonya, akanyamaza. Kila mmoja akawa anakwenda kumwona siku yake, na sufuria ya chakula cha mmoja haikuliwa na mwenzake. "Mmenyonya ziwa moja," alisema mama, "sasa mnataka nikatwe vipande?"

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, mchana wa watu kurudi kula. Chumba cha uangalizi kilikuwa kidogo, kimejaa skrini za kamera na harufu ya waya wa joto. Popo alikaa na mwenzake wa zamu, mtu mzima mnene, mwingi wa mzaha, anayeshughulikia mitambo ya hewa. Watu walimwita Fundi Feni.

"Tazama huyu," alisema Fundi Feni, akionyesha lori lililokuwa likipanda polepole, limerundikiwa magodoro hadi juu. "Lori limelala. Utalilaumu? Limebeba vitanda."

Kweli lori lilikuwa limezimika katikati ya handaki, chini kidogo ya ule mlango wa chuma. Dereva alishuka, mwanamume wa kofia nyekundu, akafunua boneti. Popo alikuwa ameshanyoosha mkono kuwasha taa ya tahadhari alipoona mwanga wa manjano ukiramba vidole vya yule mtu. Dereva aliruka nyuma. Moto ukapanda kichwa cha lori, ukagusa godoro la kwanza.

Mzaha ulimkauka Fundi Feni mdomoni.

"Funga midomo yote miwili," alisema Popo. "Taa nyekundu juu na chini. Waite zimamoto."

Magari yaliyokuwa nyuma ya lori, upande wa chini, yalianza kurudi kinyumenyume yakigongana, lakini yalitoka. Tatizo lilikuwa upande wa juu. Handaki lilikuwa na mwinamo, na moshi wa moto hupenda kupanda kama unavyopanda kwenye bomba la jiko. Basi la abiria lililokuwa likishuka lilisimama karibu pua kwa pua na lori, na nyuma yake magari yakashonana. Walio karibu na mdomo wa juu waliacha magari wakakimbia. Wa kwenye basi walishuka wakakuta moshi mweusi umeshawapita juu ya vichwa, umewazibia njia ya kukimbilia. Chini moto, juu moshi.

"Geuza feni, zivute chini," Popo alisema.

"Nimegeuza. Mbili za katikati zimekufa, waya umeungua." Fundi Feni alikuwa akibonyeza vitufe. "Popo, yale magodoro ni sponji. Moshi wake ni sumu tupu."

Kamera ya karibu na mlango ilionyesha vivuli. Yule dereva wa kofia nyekundu alikuwa ameuzunguka moto, sasa yuko upande wa basi, anawashika watu mabega mmoja mmoja na kuwasukumia ukutani, kwenye mlango wa chuma. Walianza kuugonga kwa ngumi, kwa viatu. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Utaratibu ulisema chumba cha uangalizi kipige simu makao makuu ya reli, nao watoe amri kwa stesheni. Popo alipiga. Sauti nyororo ikamwambia mhusika yuko kikaoni, tafadhali subiri, kisha ukaanza muziki wa vinanda. Popo aliusikiliza ule wimbo kwa muda wa kuvuta pumzi, akakata.

Namba ya kaka yake hakuwa ameifuta. Alipiga. Ikaita, ikaita, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa kabla hata ya kuita vizuri.

"Hapokei?" aliuliza Fundi Feni.

"Hanipokei mimi." Popo alikuwa ameshasimama. Pembeni ya mlango ilisimamishwa nyundo kubwa ya mafundi. Aliibeba, akachukua na tochi. "Wewe baki na feni. Hiyo inayofanya kazi usiiache ipumzike."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Pacha Mkubwa."

Alitoka mvuani mbio. Mdomo wa chini wa handaki la reli ulikuwa mwendo mfupi tu, ng'ambo ya ukuta mdogo wa mawe. Alipanda ukuta, akachubuka goti, akatua kwenye kokoto za reli. Pale mdomoni, ndani ya kisanduku cha chuma ukutani, ilikuwepo simu ya zamani ya reli, isiyo na namba. Ukiinua mkono wake, inalia moja kwa moja kwenye chumba cha ishara. Hiyo hakuna mwongozaji anayethubutu kuiacha ilie.

"Chumba cha ishara." Ilikuwa sauti ya Bendera.

"Kaka, ni mimi. Usikate."

Simu haikukatwa. Akasikia pumzi zake.

"Simu hiyo ni ya reli," alisema kwa sauti kavu. "Una shida yako, pitia ofisini kwenu."

"Kuna moto ndani ya Pacha Mdogo. Basi zima la watu limebanwa kwenye mlango wa kati, wanapumua moshi. Nataka kufungua. Relini kuna nini?"

Ukavu ulimtoka Bendera. "Mlango wa kati? Usifungue! Treni ya saruji imeshaondoka stesheni ya juu, inashuka. Imejaa."

"Isimamishe."

"Kwa njia gani? Reli zimelowa, ina mabehewa kama kijiji. Nikiwasha nyekundu sasa hivi itaanza kufunga breki kwenye kona iliyo juu ya handaki, itasimama ndani ya handaki au itapitiliza. Redio ya dereva haishiki pale kwenye kona, unajua."

"Kuna njia ya mchanga."

Bendera aliijua. Kabla kidogo ya mdomo wa juu wa handaki, wazee wa reli waliacha tawi fupi la njia linalopanda kilima na kuishia kwenye tuta kubwa la mchanga. Liliwekwa kwa ajili ya treni iliyokatika breki. Ikitupwa pale, inazama mchangani hadi isimame. Tangu enzi za baba yao lilikuwa halijatumika.

"Dada," alisema Bendera, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu amwite hivyo, "ndani ya kile kichwa cha treni kuna mtu. Namfahamu. Asubuhi tumekunywa chai pamoja. Sijui kama swichi ile ya kugeuza njia bado inageuka. Na nikiitupa treni nzima bila amri..."

"Mimi siwezi kukuamulia. Nakwambia tu hawa watu wanakufa."

"Ufunguo wa kufuli anao mkaguzi wa njia, na yuko juu."

"Nina nyundo."

"Nenda," alisema Bendera. "Ya treni niachie mimi. Lakini nikishindwa, sina namna ya kukujulisha ukiwa humo ndani."

Simu ikakatika.

Popo aliingia gizani. Nyundo ilimvuta bega, mataruma yanayobeba reli yalimkwaza miguuni, na mwanga wa tochi uliruka ukutani kama kitu kinachokimbizwa. Hewa ya Pacha Mkubwa ilikuwa baridi na safi. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, namna utulivu ule ulivyokuwa umetenganishwa na kifo kwa ukuta mmoja tu. Alikimbia hadi mbavu zikamchoma. Kabla hajauona mlango, aliusikia: ngumi, nyingi, zisizo na mpangilio, kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Mnanisikia?" alipiga kelele, mdomo ukiwa kwenye chuma.

"Fungua!" Sauti ya mwanamke. "Fungua, kuna watoto huku! Fungua!"

Kufuli lilikuwa kubwa kama ngumi na jekundu kwa kutu. Popo aliinamisha tochi chini, na kwa mazoea ya utotoni akaweka kiganja juu ya reli. Baba yao aliwafundisha hivyo: sikio linadanganyika, mkono haudanganyiki. Reli ilikuwa inatetemeka. Si sana. Kama paka anayekoroma.

Treni ilikuwa bado inakuja.

Alibaki ameinama. Akifungua sasa, atawamwaga watu relini, vipofu kwa moshi, mbele ya treni iliyojaa saruji. Akingoja ajue, watu watakuwa wanaanguka nyuma ya mlango mmoja baada ya mwingine. Na kilichobaki katikati ya hayo mawili ni neno la mtu asiyepokea hata simu ya dada yake. Je, anaweza? Atathubutu? Mtu aliyeogopa bosi wake maisha yake yote?

Ngumi zilikuwa zimepungua. Hilo ndilo lililomwinua.

Alipiga kufuli. Nyundo iliruka, ikamrudia mikononi kwa maumivu yaliyopanda hadi mabegani. Alipiga tena. Kufuli lilicheka tu. Akaacha kulipiga lenyewe, akaanza kupiga komeo pale lilipoingia kwenye zege, mahali ambapo maji ya miaka yote yalikuwa yakichuruzika. Zege ikamegeka. Alipiga huku akilia bila kujua kwamba analia. Komeo lilinyong'onyea, likaning'inia, likang'oka na kipande cha ukuta.

Mlango ulifunguka kwa uzito wa watu. Moshi na binadamu walitoka pamoja. Mwanamke wa kwanza alimwangukia kifuani, mtoto mgongoni, uso mweusi tii, macho mekundu. Popo alimkamata kabla hajavuka reli.

"Ukutani! Huku! Asivuke mtu reli! Shika nguo ya aliye mbele yako, shuka, shuka na ukuta!"

"Treni je?" aliuliza mzee mmoja kati ya vikohozi.

"Haiji," alisema Popo, na hakujua kama anasema kweli.

Walipita mmoja mmoja, mwanafunzi, kisha mama mwenye mfuko ambao hakukubali kuuachia, kisha mwanamume aliyebeba kiatu chake mkononi. Utingo wa lori alikuja akitambaa, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akakaa ukutani akitapika. Popo aliwasukuma wote kuelekea chini, na baada ya kila mtu aligusa reli. Mkoromo ulikuwa umekuwa ngoma. Sasa hakuhitaji mkono, aliusikia kwenye soli za viatu. Alisubiri upepo. Baba yao aliwaambia treni ikiingia handakini husukuma hewa mbele yake. Ukiuhisi upepo usoni, hesabu umechelewa. Popo aliugeuza uso upande wa juu, macho ameyafumba, akingoja kupapaswa.

Badala yake ulikuja mshindo. Ulitoka mbali na juu, mzito, kisha mkwaruzo mrefu wa chuma juu ya kitu, mrefu kuliko unavyoweza kuvumilika. Vumbi lilianguka kutoka darini. Watu walipiga mayowe, wakajikunyata ukutani.

Reli ikanyamaza.

Popo aliigusa. Ilikuwa baridi na tulivu kama kisu kilicholala kabatini. Akashika fremu ya mlango. "Kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Kaka yangu wee."

Wa mwisho kutoka alikuwa dereva wa basi, amembeba bibi kizee mgongoni.

"Kuna mwingine?" Popo alimuuliza.

"Yule wa lori, mwenye kofia nyekundu. Ndiye aliyetuonyesha mlango. Karudi ndani, anasema utingo wake kabaki."

Yule mwenye ndevu za mvi aliinua kichwa. "Utingo wake ni mimi," alisema. Kisha akapiga kelele, sauti imepasuka. "Mimi niko hapa! Mwambieni niko hapa! Bosi! Niko huku nje!"

Popo alivua skafu, akaichovya kwenye maji yaliyotuama kando ya reli, akajifunga puani, akaingia. Hatua chache tu, tochi ilikuwa haionyeshi hata mkono ulioishika. Joto lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri. Aliita. Akaenda ukuta kwa ukuta, akaita tena, akajikwaa kwenye kiatu kisicho na mguu ndani. Mapafu yakamfunga. Aliporudi nyuma alikuwa anatambaa, na aliuona mlango kwa sababu tu yule utingo alikuwa anaendelea kumlilia bosi wake.

Moshi sasa ulikuwa unamiminika Pacha Mkubwa, mzito, ukijaza paa, ukianza kuinamia mstari wa watu waliokuwa bado wanajikongoja kuelekea chini. Watoto walikuwemo. Popo aliutazama ule moshi, akawatazama wale watu, akaushika mlango wa chuma.

"Unafanya nini?" Utingo alimrukia mkono. "Yumo ndani! Bado yumo!"

"Hauna kufuli. Akifika atausukuma."

"Hatauona! Dada, usiufunge! Nakuomba!"

Alimpiga, akamvuta, akamng'ata. Dereva wa basi alimtua yule bibi, akamshika utingo kiunoni kwa nguvu zake zote. Popo aliusukuma mlango kwa bega hadi ukakaa. Kisha alisimama, kiganja juu ya chuma, akingoja asikie hata ukucha upande wa pili. Alingoja mpaka chuma kikawa cha moto asiweze kukishika.

Nje, mvua ilikuwa imepungua. Mdomo wa Pacha Mkubwa ulijaa watu wamelala kwenye kokoto, wauguzi, mablanketi. Fundi Feni alimkumbatia Popo. Baadaye ndipo akamwambia: treni ya saruji imezama mchangani hadi kwenye madirisha ya kichwa chake, mabehewa yamelaliana kama walevi, na dereva wake ametolewa akiwa hai, mkono na mbavu vimevunjika.

Dereva wa lori alikutwa jioni hiyo, nyuma ya basi, mbali na mlango. Alikuwa amepotea kwenye moshi, akaenda upande usio wa mlango.

Tume iliundwa, kama ilivyo ada ya ofisi mambo yakiungua. Fahali wawili, reli na barabara, walisukumana pembe kwa wiki kadhaa kuhusu lile kufuli, na kila mmoja akakumbuka kwamba alikuwa ameshauri vinginevyo. Bendera alisimamishwa kazi kwa kuitupa treni bila amri. Alipoitwa mbele ya tume akaulizwa kwa nini hakusubiri, alisema, "Nilikuwa na njia mbili na nafasi ya kufikiri kidogo. Nikachagua yenye mtu mmoja." Hawakupenda jibu hilo. Mwishowe walimrudisha kazini kwa cheo cha chini, kwenye yadi ya mabehewa. Mlango ukabadilishwa ukawekwa wa kusukuma, wenye kengele, na kila treni ikapewa redio inayoshika hadi kwenye kona.

Lakini kabla ya hayo, siku ya pili baada ya moto, Popo alikwenda hospitali kumwona dereva wa treni. Kwenye benchi nje ya wodi alimkuta Bendera, amekaa na mfuko wa machungwa magotini, hajaingia.

Hawakusalimiana. Popo alikaa upande wa pili wa benchi.

"Umeingia?" aliuliza.

"Naogopa."

Wakaingia pamoja. Dereva wa treni alikuwa amefungwa plasta kuanzia bega, uso umevimba upande mmoja. Aliwatazama kwa jicho zima.

"Nataka kujua jambo moja tu," alisema. "Kati yenu nani aliyenitupa mchangani?"

"Mimi," alisema Bendera.

"Mimi ndiye niliyemwambia kuna mchanga," alisema Popo.

Mgonjwa alimgeukia Bendera. "Niliiona swichi imegeuka, nikajua kuna mtu anataka kuniua. Nilikutukana, Bendera. Nilikutukania hadi babu yako." Alifumba jicho. "Leo asubuhi muuguzi kaniletea mwanamke ana mtoto mgongoni, wanataka kunishika mkono. Nikamwambia mkono wenyewe umevunjika, shikeni mguu." Alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Nimenyee chungwa. Tena polepole. Sijakusamehe bado, ila njaa ninayo."

Bendera alimmenyea. Maji ya chungwa yakamtiririka hadi kiwikoni.

Walipotoka, jua la baada ya mvua lilikuwa limeangukia ngazi za hospitali, zile ngazi ndefu zinazoshuka hadi mtaa wa chini. Bendera alisimama kwenye ngazi ya kwanza.

"Nilikukatia simu mara mbili," alisema. "Nilikuwa nimeishika mkononi. Niliona ni wewe, nikasema na angoje."

"Najua."

"Muda ule wangekuwa wametoka wote. Hata yule."

Popo angeweza kumwambia hapana. Angeweza pia kumwambia ndiyo. Alikuwa ameyapiga mahesabu hayo usiku kucha na kila mara yalimpa jibu tofauti.

"Utingo wake alikuja jana kazini," alisema. "Alisimama tu nje ya dirisha. Nikatoka. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza kama nilisikia chochote, nilipokuwa nimeushika mlango. Kugonga, au sauti."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sikusikia kitu." Uso ulianza kumvunjika. "Na ni kweli, kaka. Sikusikia kitu. Nilisikiliza sana. Lakini macho yake..."

Alikaa pale pale kwenye ngazi, katikati ya wapita njia waliokuwa wakipanda na maua na vyombo vya chakula, akalia kwa kwikwi kama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu atoke kwenye lile giza. Bendera alikaa karibu naye. Mikono yake bado ilinata maji ya machungwa. Aliipangusa kwenye suruali, akamshika dada yake bega, akamvutia kwake. Watu walikuwa wanawazunguka kupita. Mlinzi wa hospitali alikuja kuwaambia hapa si mahali pa kukaa, akawatazama usoni, akarudi zake getini.

"Mama anajua uko huku?" aliuliza Bendera.

Popo alitikisa kichwa.

"Basi twende," alisema kaka yake, akainuka, akamnyooshea mkono. "Leo si siku yangu wala yako. Atashtuka."